Ebola: Askari Aijue Sababu ya Amri

Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka wilayani Mubende. Tarehe 15 Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa, zikabaki hivyo hadi Desemba. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na 55 kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Katika shughuli ya namna hiyo askari na polisi ndio wasimamao vizuizini. Mwananchi anayezuiwa huuliza maswali mawili. Kwa nini niwekwe chini ya uangalizi siku 21, nami ni mzima? Na kwa nini nisipewe chanjo iliyowasaidia jirani zetu wa Kongo? Askari asiyeweza kujibu hubaki na bunduki tu, na bunduki haikizuii kirusi.

Kwanza ieleweke kwamba kirusi si bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili, chenye uwezo wa kujilisha na kuzaana. Ndiyo sababu dawa za antibiotiki huweza kukiua. Kirusi cha Ebola ni utepe wa maagizo ya urithi, uitwao RNA, uliozungukwa na protini na utando wa mafuta. Hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya seli ya mwili, huiteka, na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Miongoni mwa seli zitekwazo mwanzoni ni zile za ulinzi wa mwili wenyewe. Baadaye ini hudhurika, mishipa ya damu huvuja, shinikizo la damu hushuka, na viungo hukosa damu ya kutosha.

Kazi hiyo huchukua muda. Tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana hupita siku 2 hadi 21. Katika muda huo mtu haambukizi wengine. Huanza kuambukiza anapougua, kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na maiti yake ni hatari vilevile. Basi siku 21 si adhabu. Maana yake ni kwamba homa ikianza, imkute mtu karibu na daktari, si ndani ya basi.

Ama kuhusu chanjo, ile ya Ervebo, iliyoidhinishwa mwaka 2019, huufundisha mwili kuitambua protini ya juu ya kirusi cha aina ya Zaire. Kirusi cha Mubende kilikuwa cha aina ya Sudan, ile iliyoua watu 224 nchini Uganda katika mlipuko ulioanzia Gulu mwaka 2000. Protini zao zimetofautiana, hivyo mlinzi aliyefunzwa sura ya mmoja hamtambui mwingine. Aina ya Sudan iliporejea Kampala Januari 2025, majaribio ya chanjo nyingine yalianza siku 4 tu baada ya tangazo.

Utando wa mafuta uliotajwa huharibiwa na sabuni. Kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni kizuizini ni silaha, na haifai kukaa tupu.

Askari mwenye kuyajua haya atamweleza mwananchi kwa heshima, naye atatii kwa hiari. Asiyeyajua atampitisha ndugu yake usiku kwa huruma, na kijiji kizima kitaanza kuhesabu siku 21 upya.