Windows Pro Haitaongeza Kasi ya Laptopu Yako

Peleka laptopu kwa fundi mtaani umwambie inakokota. Kuna wale watakaotikisa kichwa na kukwambia, "Shida ni hii Home, bosi. Wacha nikuwekee Pro." Unalipa, unarudi nyumbani ukijiona umepanda daraja, na mashine inaendelea kukokota vile vile.

Pro ni Windows ile ile, ila imefunguliwa milango kadhaa. Kuna BitLocker ya kufunga diski nzima, kuna uwezo wa kuiingia mashine hiyo ukiwa mbali kupitia Remote Desktop, kuna Hyper-V ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na mambo ya ofisi kusimamia mashine nyingi pamoja. Kama wewe ni wa CV, filamu na video za TikTok, hutaona tofauti. Unataka kasi? Toa ile diski ya kuzunguka uweke SSD, ongeza RAM. Pesa yako iende huko.

Halafu kuna hii ya bei. Kuhama kutoka Home hadi Pro kwenye duka la Microsoft ni dola 99, zaidi ya shilingi 12,000. Sasa hiyo Pro ya bei ya chapati imetoka wapi? Mara nyingi ni kijiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba umelipa, na ili kifanye kazi lazima kwanza uzime kinga ya virusi. Yaani unamfukuza soja getini ndipo umkaribishe mgeni usiyemjua, kwenye mashine unayofungulia benki na eCitizen. Hapo ndipo mimi nakataa kabisa.

Wanaohitaji Pro wapo. Mhasibu anayetembea na faili za wateja, kwa mfano: laptopu ikiporwa, BitLocker humwachia mwizi chuma tupu. Huyo alipe, na ahifadhi ule ufunguo wa akiba mbali na mashine, la sivyo siku moja atafungiwa nje yeye mwenyewe. Na asikubali kuambiwa lazima kila kitu kifutwe. Ukiweka ufunguo halali, Home hugeuka Pro na faili zako zinabaki.

Ila kabla hujatoa hata ndururu, fungua Settings, System, kisha Activation, usome. Laptopu nyingi za ex-UK tunazonunua zilikuwa za maofisi, na kuna zilizotoka kiwandani zikiwa na Pro. Huenda unauziwa kitu ambacho tayari uko nacho.