Kyela: Kura ni Amana

Wako viongozi waliozoea kuihesabu Kyela kuwa ni ngome ya Chama, kisha wakalala. Hesabu hiyo ni ya hatari. Mkulima wa mpunga na kakao, na mvuvi wa Matema, hawakumrithisha mtu kura zao.

Historia inatufunza. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mawaziri wawili waliangushwa. TANU ikabaki palepale. Desturi hiyo haikufa vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Kyela ilimchagua Ndugu Harrison Mwakyembe mwaka 2005, ikamrudisha 2010 na 2015. Jina lake lilivuma nchi nzima mwaka 2008, kwa Kamati Teule ya Bunge aliyoiongoza kuchunguza mkataba wa Richmond, iliyofuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu. Hata hivyo, Julai 2020, akiwa Waziri, alishindwa katika kura za maoni za Chama chake, na jimbo likabaki la CCM.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaujua mwendo mwingine. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad alipohama CUF kwenda ACT-Wazalendo, wito ulikuwa "shusha tanga, pandisha tanga", na wafuasi wake wengi wakahama naye. Wao walibadili tanga, nahodha akawa yuleyule. Kyela ilibadili nahodha, tanga likawa lilelile.

Lakini iko njia ya tatu, isiyo na kelele: kubaki nyumbani. Mwaka 2005 walipiga kura asilimia 72 hivi ya walioandikishwa nchini. Mwaka 2010 hawakufika asilimia 43. Anayebaki nyumbani harudishi kadi wala hahutubii mkutano, kwa hiyo hakuna kikao kinachomjadili.

Basi vikao vya juu, vyenye uwezo wa kumteua hata asiyeongoza kura za maoni, viutumie uwezo huo kwa uchache, na vikiutumia viwaeleze wanachama sababu waziwazi. Mlango wa kubadili nahodha ndio uliokitunza Chama Kyela. Ukifungwa, watu watashuka chomboni mmoja mmoja, kimya kimya. Kura ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuulizia mali yake.