Kujieleza kwa Mwenye Kutafuta Kazi

Mzazi mmoja wa hapa Mpanda ameniuliza swali ambalo nadhani limo katika nyumba nyingi. Mwanawe amemaliza chuo, naye ataka kuandika wasifu wake katika LinkedIn, mtandao ambamo watu huweka elimu yao na kazi walizozifanya ili waajiri wawaone. Mzee auliza: je, huko si kujisifu, nasi tumekatazwa kuzitakasa nafsi zetu?

Katazo hilo ni kweli, nalo limo katika Surat Najm. Walakini katika Surat Yusuf twasoma ya kwamba Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akamweleza kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Ibn Kathir, katika kuifasiri Aya hiyo, asema yajuzu mtu kuitaja sifa yake iwapo hajulikani na ipo haja. Yaangalie masharti hayo mawili, kisha umtazame kijana wa Katavi. Mwajiri yuko Dodoma au Dar es Salaam, hamjui kijana wala babaye, na pengine hajapata kufika Mpanda maishani mwake. Ni nani atakayempasha habari za mtoto huyu, asiponena mwenyewe? Tena Nabii Yusuf hakutaja hapo uzuri wake wala ukoo wake mtukufu, bali mambo mawili tu yaliyoihusu kazi yenyewe.

Basi kijana naye na aandike vivyo hivyo. Akiwa fundi umeme, asijiite mchapakazi mwenye ari; maneno hayo kila mtu anayo. Na ataje cheti chake cha VETA na mwaka alioupata, na ni nyumba ngapi amezitia nyaya hapo Kashaulili au Makanyagio. Wengi huniambia, "Mwalimu, mimi sina uzoefu." Kumbe aliyeshika daftari la ghala la mpunga la mjomba wake kwa misimu miwili, na hesabu isipotee, huyo amefanya kazi.

Lililo la hatari ni kuongeza. Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe kazini. Na mtandao huu una mlango mwingine wa uongo, ambao vijana huuona mchezo. Watu huthibitishiana ujuzi humo: huyu amwambia mwenziwe, "Nithibitishie hesabu, nami nikuthibitishie ualimu," hali hawajapata kufanya kazi pamoja hata siku moja. Mimi naona huo ni ushahidi kama ushahidi mwingine wowote, na ushahidi wa uongo Mtume (S.A.W.) ameuhesabu katika madhambi makubwa. Kubonyeza kwa kidole hakuufanyi kuwa mdogo.

Kwa kazi za Serikali LinkedIn haitoshi. Maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nao hutaka nambari ya kitambulisho cha Taifa, vyeti vyenyewe, wala si hati ya matokeo, na wadhamini wa kuaminika. Kuomba huko hakuna ada. Akutakaye fedha ili akupatie nafasi, mkimbie. Jambo jingine: vijana wengi huandikishwa na mwenye steshenari, naye hutumia barua pepe yake mwenyewe. Miezi ikipita, kijana halijui neno la siri, na wito wa usaili humpita bila ya habari. Hana budi kuwa na barua pepe yake, na neno la siri alijualo yeye.

Ama mabinti, mtandao haumlazimishi mtu kuweka picha. Akipenda kuiweka, na awe katika stara yake kamili. Na akiandikiwa na mtu asiyemjua, akiahidiwa kazi Uarabuni pasipo jina la kampuni wala mkataba, asijibu neno mpaka wazazi wake wameisoma barua hiyo, na mamlaka ya Serikali inayohusika na huduma za ajira imeulizwa kama yamjua mtu huyo.