Kuona Peke Yake Hakuponyi



Katika parokia kadha wa kadha limezuka swali jema: je, jumuiya zetu zichangishe fedha ili akina mama wapigwe picha za matiti, na hivyo saratani igunduliwe mapema? Nia ni njema. Lakini fedha ya maskini ni amana, nasi hatuna budi kuipima kila njia kabla ya kuitumia.

Njia ya kwanza ni mama kujichunguza mwenyewe. Haina gharama. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Shanghai, nchini China, uliotoa matokeo yake mwaka 2002, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 260,000 na haukuona vifo kupungua kwa sababu ya mafunzo hayo. Mama na aujue mwili wake, na akiona badiliko asingoje. Lakini tusimwambie kwamba hiyo ni kinga ya kutosha.

Ya pili ni picha ya eksirei, yaani mamografia. Hupunguza vifo, hasa kwa wanawake wenye miaka 50 hadi 69. Lakini mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Uingereza lilikadiria kwamba kwa kila mwanamke mmoja anayeokolewa, wapatao watatu hutibiwa saratani ambayo isingewadhuru maishani mwao. Tena yataka mtambo wa bei kubwa, umeme wa uhakika na daktari wa kuisoma, na haiwaonyeshi vema wanawake vijana.

Ya tatu ni mhudumu wa afya aliyefundishwa kuyapima matiti kwa mikono yake. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba uvimbe uligunduliwa mapema zaidi, na vifo vya wenye miaka 50 na zaidi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, upungufu haukuonekana.

Wapo watakaouliza: je, maskini apimwe kwa mikono ilhali tajiri anapigwa picha? Twajibu kwamba haki haimo katika kufanana kwa mitambo, bali katika kufanana kwa nafasi ya kupona. Mama aliyeambiwa ana uvimbe, kisha akakosa fedha ya kipimo cha kinyama au nauli ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, ameongezewa hofu tu. Shirika la Afya Duniani lahimiza kwamba majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha haki.

Kwa hiyo twashauri: WAWATA na halmashauri za walei waombe wahudumu wa zahanati wafundishwe, kila parokia iwe na mfuko wa nauli na vipimo, waume wawasindikize wake zao badala ya kuwazuia. Wala tusiache kuidai serikali wajibu wake, kwa maana sadaka haichukui nafasi ya haki.

Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi njiani, wakapita kando. Msamaria alimwona, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa gharama. Nasi tusipime mgonjwa tusiyekuwa tayari kumfikisha.