Kosa si la kidole cha mama wa Kigongo

“Watu wa vijijini hawajui ishara za vidole.” Watengenezaji wenzangu wa programu hapa Mwanza hunijibu hivyo kila mara ninapolalamika kwamba programu zetu huwakwamisha watumiaji, nami nakataa. Pale Kigongo, wilayani Misungwi, nilimtazama mama muuza sato akimwonyesha mteja picha kwenye simu yake ya tachi: alibana, akakuza, akatelezesha, bila kusita. Alikwama kwenye programu yetu ya kuandika mauzo. Alivuta orodha ili aone mauzo ya asubuhi, mstari mmoja ukafutika. Tulikuwa tumeweka kufuta kwa kutelezesha kidole pembeni, na kidole gumba hakipandi wima kama rula, huchora upinde. Programu ikakata shauri kwa pikseli chache za mwanzo. Ilipaswa kulinganisha mwendo wa wima na wa mlalo, na wima ukitangulia, kufuta kujitoe mpaka kidole kinyanyuke.

“Kugusa mara moja na kugusa mara mbili kunakaa kwenye kitufe kimoja bila hasara.” Hasara ni muda. Simu haiwezi kujua kama mguso ni mmoja mpaka ingoje wa pili. Kwenye Android hungoja kama milisekunde 300. Vivinjari vya simu navyo vilichelewesha kila mguso hivyo hivyo, hadi Chrome ilipoanza mwaka 2014 kuondoa kungoja huko kwenye kurasa zilizopangwa kwa upana wa simu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wasafiri hawangoji tena kivuko; muuzaji naye hataki kungoja simu. Muuzaji mwenye haraka asipoona jibu hugusa tena, na programu husoma amri nyingine kabisa.

“Maktaba ya msimbo itapanga ishara yenyewe.” Haipangi. React Native Gesture Handler, maktaba ya kusoma ishara za vidole, inakupa njia tu: ishara ziende pamoja, zishindane, au moja ingoje nyingine ishindwe. Kukuza na kuzungusha ramani huenda pamoja. Kipi kishinde kati ya kuvuta orodha na kufuta, ni wewe wa kuamua.

“Mikono yenye maji ni tatizo la skrini.” Hapa wako sahihi nusu. Skrini huhisi mabadiliko ya umeme yanayoletwa na kidole, na tone la maji huivuruga. Ndiyo maana kufuta rekodi ya pesa za mtu kusitegemee mtelezo. Tuliweka kitufe cha Futa chenye upana wa milimita 9, na Rudisha chini yake. Mama alikigusa kwa kifundo cha kidole, magamba ya sato yakiwa bado mkononi.