Kiti cha pweza hakuwa amelala

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, majaribio yalikuwa yanatukimbiza, na ukiwa mwaka wa tatu ualimu, baiolojia na kemia, huna pa kujificha. Leo mvua imenifungia maktaba, basi nitoe dukuduku langu kabla halijaniumiza tumbo.

Juzi kwenye semina ya mbinu za kufundishia, mwenzetu mmoja aliwasilisha mada ya zana hai. Kijana anaongea vizuri, hilo sina ubishi. Akasema kila sekondari ya pwani iwe na tangi la kioo la maji ya bahari, ndani yake samaki, matumbawe na kiti cha pweza, ili mtoto aone bahari akiwa darasani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Mhadhiri akaniuliza mbona nimenuna, nikasema kichwa kinauma. Ukweli ni kwamba mimi kiti cha pweza nimeshaua mmoja, tena mbele ya darasa.

Kwa ndugu zangu wa bara: kiti cha pweza ni yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, wengi wao mikono mitano. Jina lake msiniulize, sijawahi kuona pweza amemkalia.

Ilikuwa mazoezi ya kufundisha, mwaka jana, wiki nane kwenye shule moja karibu na bahari (jina nalihifadhi). Maabara yao ilikuwa na tangi kubwa kiasi. Mwalimu mmoja mgeni aliliacha aliporudi kwao, na pampu yake, taa zake, samaki wachache na matumbawe laini yaliyokuwa yanacheza na mkondo wa maji. Zuri kwelikweli. Nikakabidhiwa mimi kwa sababu ndiye mgeni na ndiye wa baiolojia. Wiki ya pili binti mmoja wa kidato cha pili akaja na ndoo. Ndani yake kiti cha pweza wa kijivu mwenye vinundu vyekundu, yule anayeonekana sana kwenye nyasi za bahari maji yakipwa. Wataalamu humwita Protoreaster lincki. Darasa zima likasimama.

Yule binti akaniuliza, "Mwalimu, anakula nini?"

Nikamwambia atakula atakachokikuta. Jibu la mtu asiyejua, lakini nililisema kwa sauti ya mwalimu. Swali nililokuwa nalo mimi kichwani ni moja tu: atawadhuru samaki? Nikaona mnyama anatembea polepole kuliko konokono, samaki atamkimbiza wapi. Nikamimina ndoo nzima ndani ya tangi.

Hapo nilikosea mara mbili kwa mkupuo mmoja. Kosa la kwanza ni maji. Kiti cha pweza hana damu kama yetu. Maji ya bahari yenyewe ndiyo yanazunguka kwenye mirija ya mwili wake na kuendesha vile vijiguu mamia vilivyo chini ya mikono. Kwa hiyo hana namna ya kujikinga chumvi ikibadilika ghafla. Maji ya bahari kwa kawaida yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Ya ndoo yalichotwa ufukweni baada ya mvua, ya tangi yalikuwa yamekaa yakipungua kwa joto la maabara na chumvi yake kupanda. Anayejua kazi huchukua mpira mwembamba na kudondosha maji ya tangi kwenye ndoo, tone kwa tone, kwa saa kadhaa, mpaka maji yafanane. Mimi nilitumia sekunde tatu.

Kosa la pili likajionyesha lenyewe. Yule bwana hula kwa kutoa tumbo lake nje kupitia mdomo ulio chini, analifunika juu ya chakula na kukiyeyusha palepale. Na chakula chake ni sifongo, chaza, na matumbawe laini pia. Asubuhi moja nikakuta tumbawe limebaki kisiki. Nikamtenga upande mmoja kwa wavu, na huko nikamtupia chakula cha unga cha samaki, ambacho kilielea juu na kuondoka na mkondo. Kumbe ningempa kipande cha kamba chini ya mdomo angekula! Wiki ya sita mkono mmoja ukalegea, ukawa na doa jeupe. Watoto wakauliza ana nini. Nikasema amelala.

Akafia humo mwisho wa wiki, maabara imefungwa. Jumatatu tukapokelewa na harufu. Maji yalikuwa kama ya mchele, na samaki wote tumbo juu, kwa sababu mnyama mkubwa akioza kwenye maji kidogo hutoa amonia, nayo haichagui. Mkemia mzima nimesimama pale.

Tangu hapo nimesoma sana habari hizi, na nimeona watu wanaofuga wanyama wa miamba majumbani, huko Marekani na Ulaya hasa, nao wana swali lilelile langu. Wanauliza kama kiti cha pweza fulani ni salama. Salama kwa matumbawe yao na kwa samaki wao, ndiyo maana yake. Wale wanaokula matumbawe hutajwa haraka: huyo wetu wa vinundu, yule mnene kama mto wa kulalia, na yule wa miiba anayemaliza miamba mizima hata baharini kwenyewe. Hao haya, usiwachukue, kesi imekwisha.

Anayeniuma ni yule wa buluu, Linckia laevigata. Huyo hagusi tumbawe wala samaki. Kwa hiyo anaitwa salama na ananunuliwa. Lakini yeye hula utando mwembamba unaoota juu ya mawe ya zamani, na tangi la kawaida halina mawe ya kumtosha. Wengi wao hufa ndani ya miezi michache, polepole, kwa njaa, wakiwa bado na rangi nzuri. Mwenye tangi anadhani ametulia. Hapo nani alikuwa salama? Swali la yule binti lilikuwa bora kuliko la kwangu na la hao wote, na alikuwa kidato cha pili.

Sisemi tangi ni dhambi. Mwenzetu wa semina ana hoja, mtoto aliyeona hasahau. Kama shule ina uwezo, wapo jamaa zake wenye mikono myembamba kama mikia ya mijusi, wanaojificha chini ya mawe mchana. Wengi wao hula mabaki ya chakula cha samaki na hukaa vizuri humo. Ila si yule mkubwa wa kijani, huyo usiku hujiinua kama hema na kumfunika samaki aliyelala. Tangi liwe limekomaa, mwaka si mwingi. Bunju na kikande wasiwemo, hung'ata mikono ya wenzao. Na samaki akiugua usimtibu humo kwa dawa ya shaba, itaua kila asiye na uti wa mgongo.

Lakini shule iliyo hatua mia tatu kutoka ufukweni inahitaji tangi la nini? Siku za bamvu maji yanakwenda mbali, watoto wanatembea mpaka kwenye nyasi za bahari kwa miguu yao. Beba beseni, chota maji palepale, mweke kiti cha pweza dakika chache, mpindueni mwone anavyojigeuza mwenyewe, halafu arudi mahali alipotolewa. Umeme hautakatika. Gharama yake ni nauli ya mwalimu.

Semina ijayo nitasema, hata wakinizomea. Na ile shule nimempigia mwalimu wa baiolojia, amekubali nije bamvu la mwezi ujao niwachukue walewale, sasa wako kidato cha tatu. Nikamwomba awaambie kabla sijafika kwamba yule hakuwa amelala. Akacheka, akasema hilo nitawaambia mwenyewe.