Ukila bagia si kwamba umechacha!

Jamani wasomaji wangu, huku Bendera ukikutwa na bagia za kunde wakati wenzio wanang'ata mishikaki, basi eti umechacha! Mimi nakataa.

Mwaka 2019 Burger King walianza kuuza Marekani nzima baga isiyo na nyama, iliyotengenezwa kwa soya. Bei? Ilizidi ile ya ng'ombe! Wenzetu wanaongeza hela ili wasile nyama, sisi tunaona aibu.

Haya, tulinganishe. Kwa protini, baga hizo mbili zinakaribiana. Nyuzinyuzi, soya inazo, nyama haina kabisa. Chumvi, hapo ya soya imezidi, kwa hiyo usidhani ni dawa. Nyama nayo ina vitamini B12, ambayo kunde na soya zenyewe hazina.

Na makande yetu Wapare je? Mahindi na maharage yakikutana sufuria moja, upungufu wa protini wa huyu unazibwa na yule.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, kula bagia zako kifua mbele. Ila zichujwe mafuta vizuri, na chumvi iwe kidogo. Siku ukiwa nazo, ongeza mshikaki. Nani kakukataza?